Tanuri linasema 900, majivu yanasema vingine

*"Ninafanya kazi kwenye maabara ndogo Ruangwa. Tunapima majivu ya sampuli za kinywe (grafiti) kwa tanuri la umeme la kilowati 3, mwisho wake nyuzi 1,100. Zamani tulichoma kwa 900 bila shida. Miezi miwili iliyopita kihisi cha joto kilikatika. Fundi akafunga kipya, akakirefusha kwa waya wa dukani kwa sababu kidhibiti kiko ukutani, mbali kidogo na tanuri. Tangu hapo majivu yanashikamana chini ya kikombe, na asilimia ya kaboni tunayopata imepanda kidogo. Tena tanuri linapitiliza hadi 960, ndipo linarudi 900 baada ya karibu saa nzima. Na mara mbili, mchana, limepanda lenyewe hadi 1,040 tukalizima ukutani. Fundi anasema bodi ya kidhibiti imekufa, tununue kipya. Bosi ananiuliza mimi. Nimjibu nini?"*

Ndugu yangu, mwambie bosi ashike hela yake kwanza. Fundi wako si mjinga. Ameona dalili tatu mbaya kwa mpigo akahitimisha kwamba kichwa kimeharibika, na wengi wetu tungesema hivyo hivyo. Lakini ukizitazama moja moja, hawa ni wagonjwa watatu waliolazwa kitanda kimoja: tanuri linalodanganya joto lake, tanuri linalopitiliza, na tanuri linalokataa kuzima. Wa kwanza na wa pili nashuku wameletwa na kazi ya kubadilisha kihisi. Wa tatu ana ugonjwa wake mwenyewe, na ndiye anayenitia hofu.

Tuanze na ile 900 unayoisoma kwenye kioo. Kidhibiti hakijui joto. Kimekaa ukutani kwenye kiboksi chake cha plastiki, hakijawahi kuingia tanurini hata siku moja. Kinachokifikia ni umeme mdogo mno kutoka kwenye themokapo, yaani nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani. Mjerumani Seebeck ndiye aliyeligundua jambo hili mwaka 1821: ukizipa nyaya za namna hiyo ncha moja ya moto na nyingine ya baridi, umeme unazaliwa. Kwenye themokapo ya aina K, ambayo karibu hakika ndiyo uliyonayo, kila nyuzi moja ya tofauti inatoa kama mikrovolti 41. Kwa nyuzi 900 unapata milivolti 37.3 tu, iwapo ncha ya pili iko kwenye sifuri. Betri moja ya tochi ina milivolti 1,500. Linganisha uone kidhibiti kinavyosikiliza mnong'ono.

Hapo kuna neno ambalo watu hulipita haraka: *tofauti*. Themokapo haipimi joto la ncha iliyo ndani ya tanuri. Inapima tofauti kati ya ncha hiyo na mahali ambapo metali zile mbili zinaishia. Ndiyo maana kidhibiti kina kihisi kingine kidogo karibu kabisa na terminali zake, kinachopima joto la pale ukutani na kuliongeza kwenye hesabu. Ukuta ukiwa na nyuzi 33, kinaongeza 33. Hesabu hii ni sahihi kwa sharti moja: metali zile zile za themokapo, au waya maalumu wa kurefushia wa aina hiyo hiyo, zifike mpaka kwenye terminali za kidhibiti bila kuingiliwa na kitu kingine.

Sasa fundi wako amerefusha kwa "waya wa dukani". Kama ni shaba ya kawaida, ile ya kufungia taa, mahali metali zinapoishia hapako tena ukutani. Pamehamia nyuma ya tanuri, pale alipounganisha. Na nyuma ya tanuri linalowaka pana joto. Tuseme kiungo kile kina nyuzi 75. Kidhibiti hakina habari hiyo, kinaendelea kuongeza 33 za ukutani. Nyuzi 42 zimepotea njiani. Kioo kinaandika 900, huku ndani mna zaidi ya 940. Majivu yako yameshikamana kwa sababu yamepikwa kupita kiasi, na wala kidhibiti hakijakosea: kimejibu kwa uaminifu swali bovu.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba hujificha asubuhi. Tanuri likiwa baridi, kiungo kile kina joto la chumba, ukuta una joto la chumba, na kioo kinasoma 28 au 29 kama inavyotakiwa. Fundi anaangalia, anaridhika, anafunga bisibisi zake na kwenda. Kadiri tanuri linavyowaka na mgongo wake kupata moto, ndivyo uongo unavyokua. Ukitaka kuushuhudia, subiri tanuri likae kwenye 900 kwa saa mbili, kisha upime kwa kipimajoto cha mkononi pale kwenye kiungo na pale kwenye terminali za kidhibiti. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo, takribani, kiasi unachodanganywa.

Inawezekana pia kwamba waya ni ule sahihi ila umegeuzwa. Hili nalijua kwa machungu. Miaka yangu ya mwanzo nilifunga themokapo kwenye tanuri la maabara moja pale Lindi mjini, nikaweka waya mwekundu kwenye chanya kama nilivyofundishwa katika umeme wa betri. Tanuri likawaka, na namba kwenye kioo ikaanza kushuka: 29, 24, 15. Kidhibiti kikadhani mle ndani mnaingia baridi, kikazidi kusukuma moto. Kilichoniokoa ni harufu ya rangi ya bati iliyoanza kuungua. Kumbe kwa mpangilio wa rangi wa Marekani, aina K ina njano kwa chanya na *nyekundu kwa hasi*. Kwa mpangilio wa kimataifa ni kijani kwa chanya na nyeupe kwa hasi. Tangu siku ile siamini rangi. Natembea na sumaku niliyoibandua kwenye spika ya redio mbovu. Kwenye aina K, waya wa hasi, unaoitwa alumeli, unavutwa na sumaku. Ule wa chanya, kromeli, hauvutwi. Ukigusisha sumaku nyaya zako zote mbili na hakuna hata mmoja unaoshika, basi hiyo si alumeli na kromeli: ni shaba, au ni aina nyingine kabisa. Kipimo hicho ni cha nusu dakika. Kifanye leo, tanuri likiwa limezimwa na kuchomolewa.

Fundi wako, kosa lake ni la kimyakimya zaidi kuliko langu, kwa sababu namba inapanda kama kawaida. Waya sahihi wa kurefushia ukigeuzwa ncha zote mbili kwa pamoja huleta hali hiyo hiyo, na upungufu unakuwa karibu mara mbili ya ule wa shaba. Kwa hiyo pitisha sumaku pande zote za kiungo, si upande mmoja.

Kabla ya kuondoka kwenye kihisi, soma maandishi ya kile kipya. Kama ni aina N na kidhibiti kimebaki kwenye K, kosa ni kubwa zaidi ya yote niliyotaja: nyuzi 900 za kweli zitasomeka kama 778 hivi, na ukiongeza moto mpaka kioo kiandike 900, ndani utakuwa umevuka 1,000. Aina ya kihisi huchaguliwa kwenye menyu ya ndani ya kidhibiti. Ingia uone imeandikwa nini.

Na ile hukumu ya kwamba bodi imekufa? Iko njia ya kuipima bila gharama. Zima umeme, fungua nyaya za themokapo kwenye terminali za kidhibiti, weka mahali pake kipande kifupi cha waya wa shaba kinachounganisha terminali hizo mbili. Toa pia waya zinazokwenda kwenye rilei, yaani swichi inayopeleka umeme kwenye koili za moto, ili tanuri lisiwake wakati unapima. Washa kidhibiti peke yake. Kikiwa kizima, kitaonyesha joto la pale pale kilipo, nyuzi thelathini na ushei, na kitatulia hapo. Maana umekiambia kwamba tofauti ni sifuri, na kimejiongezea joto la ukutani kama kawaida yake. Kikionyesha namba za ajabu, kikicheza juu chini, au kikizimika na kuwaka, hapo nitakubaliana na fundi na bosi atoe hela.

Ukishafunga waya sahihi, utataka uhakika kwamba 900 ni 900. Chumvi safi ya maabara huyeyuka kwa nyuzi 801. Weka punje chache kwenye kikombe cha kauri, pandisha hadi 780, kaa robo saa, chungulia. Kisha pandisha kwa nyuzi tanotano mpaka uone imekuwa maji. Nasisitiza ya maabara. Chumvi ya mashambani kwetu huku pwani, hata iwe nyeupe namna gani, ina magnesi na vitu vingine vinavyoifanya iyeyuke mapema, utajidanganya mara ya pili. Tumia kidogo sana na ufungue tundu la moshi, kwa sababu mvuke wa chumvi unakula koili. Kipimo hiki hakikupi cheti, ila kitakuambia kama umekosea kwa nyuzi tano au kwa nyuzi hamsini.

Tuje kwenye kupitiliza. Mtu anayepika wali kwenye jiko la mkaa hasubiri maji yakauke ndipo apunguze mkaa. Akisubiri, wali umeungua. Anaona maji yanavyokwenda, anapunguza mapema, mwisho anapalia. Kidhibiti chako kinajaribu kufanya hivyo kwa hesabu inayoitwa PID. Sehemu ya kwanza inatazama umbali uliobaki: kukiwa na nyuzi 300 za kwenda, sukuma kwa nguvu zote, zikibaki 10, sukuma polepole. Ya tatu inatazama mwendo: joto likipanda kwa kasi mno, funga breki hata kama bado hujafika. Ya kati ndiyo hasa huleta matatizo kama yako. Hiyo ni kama daftari la madeni dukani kwa jirani. Kila sekunde ambayo joto liko chini ya 900, kidhibiti kinaandika deni. Faida yake ni kwamba kosa dogo likidumu muda mrefu, deni linakua mpaka linasahihishwa. Hasara yake ni kwamba, kama namba zake hazikukaa vizuri, katika dakika arobaini za kupasha daftari linajaa, na siku unafika 900 kidhibiti bado kinalipa deni la zamani. Moto unaendelea hadi 960. Na kwa kuwa tanuri halina feni ya kulipoza, kinachobaki ni kusubiri matofali yapoe yenyewe. Ndiyo hiyo saa nzima unayoiona.

Kwa nini zamani halikupitiliza? Kwa sababu namba zile zilipangwa kwa kihisi cha zamani. Kipya pengine kimevishwa ala nene ya kauri, au hakikusukumwa vya kutosha, ncha yake imebaki ndani ya tofali badala ya kutokeza chumbani. Hapo kidhibiti kinapata habari za jana. Hakikisha ncha inatokeza sentimeta mbili au tatu, isiguse koili wala kikombe. Kisha utumie kazi ya kujipanga yenyewe iliyomo karibu kwenye kila kidhibiti cha siku hizi. Kitawasha na kuzima moto makusudi, joto lipande na kushuka mara kadhaa kuzunguka 900, kipime linayumba kwa kiasi gani na kwa muda gani, halafu kijiandikie namba mpya. Fanya hivyo kwenye joto lile lile unalofanyia kazi na vikombe vitupu idadi ya kawaida vikiwa ndani. Ukipanga kwa 200 halafu ukafanya kazi kwa 900, ni kama hukupanga. Lakini usiguse hiyo kazi kabla ya kumtibu mgonjwa wa tatu, kwa sababu hutaki tanuri lipande makusudi wakati mkono wake hauzimi.

Mkono wenyewe ni rilei. Nadhani yako ni ile ya elektroniki, kiboksi cheusi au cheupe chenye taa ndogo, mafundi tunaiita SSR. Kidhibiti kinaipa volti chache, nayo inaruhusu volti 230 ziende kwenye koili. Haina kitu kinachosogea, haina mlio. Ikitakiwa nguvu ya asilimia 40, na mzunguko umewekwa sekunde 2, inawasha sekunde 0.8 na kuzima 1.2, ndiyo maana taa yake inapepesa. Ni kitu kizuri, ila kina tabia moja unayopaswa kuijua: ikifa, mara nyingi hufa ikiwa *imewasha*. Ndani yake njia ya umeme inabaki wazi, na kidhibiti kinaweza kupiga kelele "zima, zima" mpaka kesho.

Tazama dalili zako. Kioo chenyewe kilionyesha 1,040. Maana yake kidhibiti kilijua joto limezidi na, kwa vyovyote, kilikwisha acha kuagiza moto. Moto ukaja hata hivyo. Na ilitokea mchana, kwenye joto. Tanuri la kilowati 3 linavuta ampea 13, na SSR inapoteza kama volti moja na kidogo ndani yake, kwa hiyo inatoa wati kumi na tano hivi za joto bila kupumzika. Ikiwa bati la kupoozea halikupakwa grisi yake, au feni imeziba vumbi, inapata moto kiasi cha kushindwa kuzima. Ikipoa, inarudi kuwa nzima, fundi akija jioni haoni kosa.

Kuikamata, banisha mita ya klampu kwenye waya mmoja tu unaokwenda kwenye koili; ukiibana kebo nzima itasoma sifuri. Taa ya SSR ikiwa imezimika na mita bado inasoma ampea 13, umeshika mwizi. Usikubali kipimo cha kupima volti kwenye SSR ambayo haina mzigo: hata iliyo nzima huvujisha umeme kidogo, na mita itakuonyesha volti nyingi za uongo. Wengine wametupa SSR nzima kwa sababu hiyo.

Kwa maabara ya kinywe kuna jambo moja zaidi. Vumbi la kinywe linapitisha umeme. Kwenye terminali za themokapo halinisumbui sana, maana nyaya zile zina ukinzani mdogo mno. Lakini kati ya terminali za volti 230, na juu ya bodi yenyewe, tabaka jembamba la vumbi hilo ni njia ya umeme. Safisha kwa brashi laini na mashine ya kufyonza, tanuri likiwa limechomolewa. Usipulize kwa kompresa, unalisukumia ndani zaidi.

Kwa hiyo hela ya bosi ningeielekeza hivi. Kwanza waya halisi wa kurefushia, mita chache. Pili SSR mpya ya ampea 40, ingawa unahitaji 13, pamoja na bati kubwa la kupoozea na grisi. Tatu, na hapa sitaki mjadala, kikomo cha pili cha joto: themokapo nyingine, kidhibiti kidogo cha pili, na kontakta inayokata umeme wote joto likifika, tuseme, 980, na isirudi mpaka mtu aje kuibonyeza. Kisitegemee chochote cha mfumo wa kwanza. Bila hicho, siku SSR ikifa usiku hakuna mtu wa kukimbilia ukutani. Hata ukinunua kidhibiti kipya kesho, kitafungiwa waya ule ule na SSR ile ile, na Jumatatu utaniandikia tena.

Fundi anaweza kukushauri uhamie aina S, ya platini. Haichakai haraka, kweli, ila bei yake ni ya platini, na umeme wake ni mikrovolti kumi hivi kwa kila nyuzi, robo ya K. Kwa kazi ya 900 naona ni anasa. Aina N nitaipendelea kuliko zote mbili, kwa sababu K inapokaa kati ya 800 na 1,050 mahali penye hewa chache, kromeli inaoza taratibu na kusoma chini. Na kinywe kinapoungua mlango ukiwa umefungwa hula hewa yote iliyomo. Ukibaki na K, acha tundu la moshi wazi na uibadilishe kila mwaka hata kama haijakatika. Tundu hilo hilo linakusaidia wewe pia: kaboni isiyopata hewa ya kutosha hutoa gesi ya monoksidi, isiyo na harufu.

Kupima kwa sumaku, kusoma menyu na kuyeyusha chumvi ni kazi yako. Kufungua nyuma ya tanuri, kubadilisha SSR na kufunga kontakta ni ya fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa sababu koili zile zina volti 230 zikiwa wazi. Muombe ahakikishe pia swichi ya mlango inakata umeme mlango ukifunguliwa; koleo lako la chuma likigusa koili hai, hakuna kinga. Kama kuna pamba nyeupe ya kuzuia joto mle ndani, vaeni barakoa nzuri, vumbi lake si la kuvuta. Mnunuzi akitaka cheti cha usahihi wa joto, peleka themokapo na kidhibiti pamoja kwenye maabara ya vipimo ya TBS, shirika la viwango, usipeleke kimoja tu. Na mpaka SSR itakapobadilishwa, tanuri lisiwake bila mtu kukaa nalo.

Limebaki suala la matokeo ya miezi miwili. Kaboni yenyewe inaungua yote kwa 900 na kwa 940, hapo hujapoteza kitu. Ila mika iliyomo kwenye kinywe chenu hupoteza maji yake kwenye joto la namna hii, na jinsi moto unavyozidi ndivyo majivu yanavyopungua uzito na, kwa kuwa kaboni huhesabiwa kutokana na uzito uliopotea, kaboni kuonekana nyingi kuliko ilivyo. Hilo linaendana na kupanda mlikokuona. Toa kwenye stoo sampuli sita hivi mlizopima kabla ya kihisi kukatika, na sita za baada yake, mzichome zote upya tanuri likishatengenezwa. Zile za kabla zikirudi na namba zake za zamani na za baada zikashuka, mpelekee bosi karatasi zote mbili, kwa kuwa kuna mteja atakayehitaji kupigiwa simu.